Kuijua Nchi kwa Baiskeli: Njia za Mashambani za Nakuru

Kila siku maelfu ya watu hupita Nakuru kwa magari, wakienda Kisumu, Eldoret na Uganda, au wakirudi Nairobi. Wengi wao husinzia njiani, nao wakiulizwa wameona nini katika Bonde la Ufa, hujibu kuwa wameona malori, magunia ya viazi kando ya barabara, na ziwa kwa mbali. Nchi yenyewe hawakuiona. Gari huipita nchi upesi mno, na mtu wa miguu huchoka kabla hajafika mbali. Lakini baiskeli huenda kwa mwendo unaoruhusu jicho kuona na mdomo kusalimu.

Katika mashamba ya Nakuru baiskeli si kitu kigeni. Alfajiri huonekana ikibeba mitungi ya maziwa, magunia ya makaa na mafungu ya sukuma wiki. Kwa sababu hiyo watu wengi huihesabu kuwa punda wa chuma tu, na mtu mzima akionekana anaipanda siku ya Jumapili bila mzigo, huulizwa kama amekosa nauli. Yafaa fikira hiyo ibadilishwe, kwa maana baiskeli yaweza kumwonyesha mtu nchi yake, na pia kuwaletea wanavijiji fedha.

MFANO WA UFARANSA

Huko Ufaransa, nchi ya ngano, zabibu na ng'ombe wa maziwa, desturi ya kuzuru mashamba kwa baiskeli ni ya zamani. Mmoja wa walioieneza alikuwa Paul de Vivie, mfanyabiashara wa mji wa Saint-Étienne, ambaye mwaka 1887 alianzisha gazeti la waendeshaji wa baiskeli. Yeye hakuhimiza mashindano, bali safari za kuona nchi, na alitetea matumizi ya gia ili mtu wa kawaida aweze kupanda milima. Alifariki mwaka 1930.

Wakulima wa huko nao hawakukaa kutazama wageni wakipita. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wengi walikimbilia mijini na nyumba za mashambani zikabaki tupu. Mwaka 1951 ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya shambani iliyotengenezwa kwa ajili ya kukodishwa kwa wageni, na mwaka 1955 wenye nyumba za namna hiyo waliunda shirika lao la nchi nzima. Hivyo mkulima alipata fedha kutokana na chumba, maziwa na mayai yake, bila kuacha jembe.

Wakenya hulisikia zaidi jina la Ufaransa kwa ajili ya mashindano makubwa ya Tour de France. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kupata mafunzo ya kwanza kwa David Kinjah wa Kikuyu, aliyashinda mara nne, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, akiiwakilisha Uingereza. Jambo hilo ni la fahari. Lakini safari inayoelezwa hapa haihitaji mbio. Anayefika wa mwisho huenda ndiye aliyeona mengi.

NJIA TATU KUTOKA NAKURU

Njia ya kwanza yaelekea Njoro, yapata kilomita 20 magharibi ya jiji. Njiani, huko Ngata, pana jumba kubwa la mawe la Lord Maurice Egerton, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1938 na kumalizika mwaka 1954. Bwana huyo alikaa humo miaka michache tu, akafa mwaka 1958 bila mke wala mtoto. Shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939 ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton cha leo.

Njoro ndipo Lord Delamere alipojaribu kulima ngano mwanzoni mwa karne ya 20, akapata hasara kubwa kwa sababu ya ugonjwa wa kutu. Vita hivyo havijaisha. Tangu mwaka 2005, baada ya kutu mpya kali kugunduliwa Uganda mwaka 1998, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa katika kituo cha utafiti cha Njoro ili zijaribiwe. Mpanda baiskeli apitaye kando ya mashamba hayo aona kazi inayougusa mkate wa mataifa mengi. Mwenye nguvu aweza kuendelea kupanda hadi Mau Narok, penye baridi, ngano, shayiri na viazi.

Njia ya pili ni fupi, lakini ni ya mlima. Yatoka jijini kuelekea kaskazini hadi ukingo wa Menengai, ulio mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Shimo hilo la volkeno lina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi. Kutoka juu mtu hulitazama Ziwa Nakuru upande wa kusini, na ndani ya shimo aona moshi wa mvuke, ambako visima vya kuzalisha umeme vilianza kuchimbwa mwaka 2011.

Njia ya tatu ni ya mambo ya kale. Kilomita 4 tu kutoka jijini, upande wa Nairobi, kipo kilima cha Hyrax Hill, ambacho Mary Leakey alikichimba mwaka 1937. Huko yamo makaburi ya watu wa kale, mashimo yaliyokuwa mazizi ya mifugo, na mbao za bao zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Mbele zaidi, karibu na Ziwa Elmenteita, pana Kariandusi, ambapo mume wake, Louis Leakey, alianza uchunguzi mwaka 1928. Shoka za mawe zilizotengenezwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita zingali zimelala pale. Ziwa lenyewe, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia.

ARDHI ILIYOFUNGWA

Kijana aendeshaye baiskeli leo kati ya Nakuru na Njoro yafaa ajue kuwa babu yake hangeweza kusafiri hivyo. Nyanda hizo zilitengwa kwa wazungu. Kuanzia yapata mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikitundika shingoni. Njia za mashamba zilikuwa na malango, na aulizwaye "Watoka wapi, waenda wapi?" alikuwa akishukiwa. Mwaka 1962 ulianza mpango wa kugawa ekari zipatazo milioni moja kwa wakulima Waafrika, na baadaye vyama na kampuni za wananchi zilinunua mashamba mengine mengi.

Hata hivyo, malango yote hayakuondoka kwa siku moja. Katika miaka ya 1992, 1998 na 2008 majirani wa Molo, Njoro na Nakuru walipigana, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na wengine wakaogopa hata kupita kijiji cha pili. Baiskeli haiwezi kuponya jambo zito kama hilo. Lakini aliye juu ya baiskeli hana kioo wala mlango kati yake na watu. Tairi likipasuka, lazima aombe msaada. Kiu ikimshika, lazima abishe hodi. Hapo husikia tena swali lile la "Watoka wapi, waenda wapi?" likitoka kwa mama aliyeshika kata ya maji, nalo sasa ni swali la ukaribishaji.

MAMBO YA KUANGALIA

Barabara kuu ya Nairobi ni ya hatari kwa ajili ya malori na magari yaendayo kasi. Aendaye Kariandusi ni heri apakie baiskeli yake juu ya matatu, aishushe karibu na ziwa, kuliko kushindana na malori. Pengine popote afuate njia za mashambani, avae kofia ngumu na nguo za rangi ya kung'aa.

Achukue pampu, viraka na gundi yake, spana, na maji ya kutosha. Breki zikaguliwe kabla ya kuteremka kutoka Menengai au Mau. Asiye na gia asione haya kushuka na kuisukuma baiskeli mlimani. Tena aondoke asubuhi, maana wakati wa masika mvua hunyesha mchana na udongo hushika magurudumu.

Mbuga ya Ziwa Nakuru ina simba, vifaru na nyati, nayo hutembelewa kwa gari. Atakaye kuona wanyama juu ya baiskeli aende Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako jambo hilo laruhusiwa. Lakini asithubutu kuingia korongoni wakati wa mvua: mwaka 2019 mafuriko ya ghafula yaliwaua watu saba huko.

FAIDA KWA WENYEJI

Mgeni wa gari hula Nairobi na kulala Kisumu. Mgeni wa baiskeli hawezi. Lazima ale, anywe na apumzike karibu na pale alipo. Kijiji chenye chai safi, choo kisafi, fundi mwaminifu na chumba kimoja cha kulala wageni kitapata fedha ambazo barabara kuu haikileti. Wakulima wa Ufaransa walianza na nyumba moja. Wakulima wa Njoro, Bahati na Elmenteita wana maziwa, mayai na viazi tayari. Kilichobaki ni kuandika kibao na kukitundika langoni, ili mgeni ajue kuwa lango hilo sasa limefunguliwa.