Intaneti Yakatika, Jirani Alaumiwa: Kumbe ni Ukuta

KIKULACHO ki nguoni mwako, walinena wahenga, na siku hizi neno hilo lawafaa sana wenye kutumia intaneti majumbani. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mitaa ya Lamu, manung'uniko ni yale yale. Mama azungumza na mwanawe aliye kazini Maskati au Dubai, wajukuu wamekusanyika wamwone baba yao, mara picha yaganda na sauti yapotea. Hapo lawama huanza. Huyu ataapa kwamba kampuni yala pesa za bure. Yule atasema kijana wa jirani amelijua neno la siri, naye ndiye anayewamalizia. Ujirani wa miaka 50 waweza kuingia ufa kwa jambo ambalo halikupimwa.

Yafaa kupima kwanza, na kupima kuanzie ndani ya nyumba.

Waliojenga walitaka sitara

Nyumba zetu za mawe zilijengwa ziwe baridi na ziwe na sitara, apitaye njiani asione wala asisikie ya ndani. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na unene wake hufikia nusu mita. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na baina ya kila viwili pana ukuta. Ukuta uliomzuia mpita njia ndio huo huo uyazuiao mawimbi ya waifai. Tena matumbawe yana matundu yanyonyayo unyevu, na maji ni adui wa mawimbi hayo.

Nasi huizidisha taabu. Fundi ajapo kufunga faiba, aghalabu humsimamisha karibu na mlango. Hilo ni jambo la adabu lisilo na lawama, kwani si kila mgeni apitaye mpaka ndani. Lakini ruta hubaki pale pale mlangoni, na wenye haja nayo wako vyumba vitatu nyuma. Wengine huipachika katika kidaka, mahali ambapo wazee waliweka sahani za Kichina. Kwa pambo yapendeza. Kwa kazi, imezungukwa na jiwe.

Kupima hatua kwa hatua

La kwanza, tazama taa za kifaa cha faiba. Taa nyekundu, mara nyingi iliyoandikwa LOS, maana yake mwanga haufiki. Angalia kama ule uzi mwembamba umebanwa na mlango au umepindwa kwa ukali nyuma ya kabati, kwa kuwa ndani yake mna kioo. Ukiuona mzima, ipigie simu kampuni. Usiuchomoe, wala usichungulie ncha yake kwa jicho.

La pili, taa zikiwa sawa, zima ruta, ngoja nusu dakika, kisha iwashe na uipe dakika chache.

La tatu, nalo ndilo kubwa, zima data ya simu yako, simama hatua mbili kutoka kwa ruta, upime mwendo. Ingia chumba cha pili, kisha cha tatu, upime tena. Ikiwa penye ruta ni nzuri na ndani ni mbovu, mwizi ni ukuta. Ikiwa ni mbovu hata hapo, unganisha kompyuta kwa waya, wengine nyumbani wakiwa hawatumii. Waya ukionyesha kasoro ile ile, kampuni ina la kujibu. Waya ukiwa mzuri, kasoro ni ya waifai yenyewe: huenda ruta imechakaa, au ruta za majirani zimesongamana katika chaneli moja. Kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 3 tu: ya 1, ya 6 na ya 11.

La nne, andika saa. Intaneti inayolegea kila siku baada ya Isha, mtaa mzima ukiwa nyumbani, yaelekea ina msongamano. Na mara nyingine kasoro iko mbali kabisa. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa tangu 2009 nazo hukatika. Februari 2024 zilikatika nyaya katika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huo huo zikakatika za EASSy na SEACOM karibu na pwani ya Afrika Kusini, wateja wengi wa Kenya na Tanzania wakaathirika. Siku kama hizo kuzima na kuwasha ruta ni kazi bure.

Na jirani je? Katika ruta mna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vihesabu. Ukikuta usichokijua, badili neno la siri, basi. Hapana haja ya kugombana mlangoni.

Dawa yake

Usikimbilie kifurushi kikubwa zaidi. Mwendo ukifika mlangoni ukakwama ukutani, pesa umeulipia ukuta. Iondoe ruta kidakani, uiweke juu, mahali pa wazi, kuelekea kiwanda au ngazi, ambako mawimbi yatapita hewani. Mawimbi ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hayafiki mbali; vyumba vya nyuma vitumie ya 2.4. Lisipotosha hilo, vuta waya mpaka ndani, uweke huko kifaa cha pili cha kurushia waifai. Ukinunua kile cha kurudia mawimbi, kiweke katikati ya njia. Mahali yasipofika mawimbi hakina cha kurudia.

Wala usitoboe ovyo. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na lipu ya kale ikibomoka si rahisi kumpata wa kuirudisha. Waya waweza kupita dirishani au ukingoni mwa kiwanda.

Ikibidi fundi aitwe, mkabidhi ile karatasi ya saa na vipimo. Atajua aanzie wapi bila ya kuzungushwa nyumba nzima, na sitara ya nyumba itabaki pale pale walipoiweka wazee.