Achieng Abura: Mwimbaji Aliyekataa Kuficha Maradhi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakuna mtu wa Pwani asiyeijua methali hii tangu yu mtoto chuoni, wala hakuna asiyeitumia kumwonya mwenziwe. Lakini wanaoifuata ni wachache, hasa maradhi yanapokuwa ya damu na ya ukoo. Hapo midomo hufungwa, milango ikashindikwa, na mgonjwa akaitwa "mtoto dhaifu" mpaka siku yake ifike.

Leo, wasomaji wangu, nataka kumzungumzia mwanamke mmoja wa bara aliyeifuata methali hiyo hadharani. Hakuwa tabibu wala mwanasiasa. Alikuwa mwimbaji wa jazi na soul, jina lake Lydia Achieng Abura.

Abura alianza kama waanzavyo waimbaji wengi wa bara, kwa nyimbo za kanisani. Albamu yake iitwayo Way Over in Bethlehem ilitoka mwaka 1990. Baadaye akaingia katika muziki ambao wenyewe huuita jazi ya Kiafrika. Albamu yake nyingine aliipa jina la Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota.

Neno hili jazi lisitupoteze. Wazee wetu walikuwa na Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, na huko jazi ilikuwa na maana ya bendi ya dansi, basi. Jazi ya Abura ilikuwa ni ile ya Wamarekani weusi iliyooana na mahadhi ya Wajaluo. Sauti yake ilikuwa nene, yenye kutoka kifuani, isiyo na haraka ya kuumaliza ubeti. Sisi tuliolelewa na udi na fidla twaweza kuiona ngeni siku ya kwanza. Ukiisikiliza mara ya pili utamtambua ndani yake mtu unayemjua: mwanamke anayeimba jambo lililomgusa, wala hakusudii kukupumbaza tu.

Na kwetu sisi jambo hilo si geni. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake, na katika nyimbo zake aliyataja yaliyokuwa yakinong'onwa mitaani, dhuluma na hukumu za mahakamani. Mwimbaji wa kweli huwa ni ulimi wa waliofungwa midomo.

Sifa za Abura zilivuka mipaka. Mwaka 2004 alipata tuzo ya Kora, zilizokuwa zikitolewa kwa wanamuziki wa Afrika. Baadaye alipata kuwa mkuu wa chuo katika mashindano ya waimbaji chipukizi ya Tusker Project Fame, yaliyoanza mwaka 2006. Jina la mashindano hayo ni la kinywaji tusichokinywa, lakini kazi aliyoifanya pale ni ya mwalimu yeyote: kuwafunza vijana kuvuta pumzi, kusimama mbele za watu, na kuliheshimu neno wanalolitamka.

Ila si kwa tuzo wala kwa televisheni nilikotambua ukubwa wake. Nilikutambua safarini.

Nilikuwa nimekwenda Kitale kuwazuru jamaa. Kitale ni mji wa baridi, juu kiasi cha mita 1,900, wenye mahindi kila upande. Reli iliufikia mwaka 1926, na pamoja na reli wakaja watu wa kila kabila kutafuta kazi mashambani. Katika duka moja la kutengeneza redio nikaisikia sauti ya Abura, nikasimama. Fundi aliniona, akaniambia, "Mzee, huyo mama alitusaidia sisi wenye watoto wa damu." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba Abura alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi huuita sikoseli, na kwamba hakumficha. Alijitokeza mbele ya umma akautaja ugonjwa kwa jina lake, akaeleza gharama za matibabu, akaomba msaada.

Siku mbili baadaye nikateremka Bungoma, ambako joto ni zaidi na mbu ni wengi. Mwenyeji wangu alikuwa na jirani, mama wa watoto wanne, mmoja wao akiugua maradhi hayo hayo. Nikamuuliza kwa adabu wamekuwa wakiishi vipi.

"Mzee wangu," akanijibu, "miaka mitatu ya kwanza tulizunguka kwa waganga. Mtoto akilia kwa maumivu ya mifupa, watu husema amerogwa. Mama mkwe akasema mkosi umetoka kwetu. Nilipomsikia yule mwimbaji akisema wa kwake anao pia, mtu mkubwa kama yule, nikamwambia mume wangu: twende hospitali."

Maneno ya mama yule yamenikaa moyoni kuliko wimbo wowote.

Wala tusidhani haya ni mambo ya watu wa bara. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii mwaka 1949. Akaona ajabu. Pwani, na kandokando ya Ziwa Viktoria, katika baadhi ya makabila zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya selimundu katika damu. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 1954 akachapisha jawabu lake: penye malaria ndipo penye alama hiyo, kwa kuwa mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Watafiti wa Kilifi wamelithibitisha jambo hilo miaka mingi baadaye kwa watoto wetu wenyewe. Kwa hiyo mtu wa Bungoma na mtu wa Malindi, wasiojuana kwa lugha wala kwa chakula, wana jambo moja katika damu, na aliyewaunganisha ni mbu.

Kinga hiyo ina bei yake. Mwenye alama kutoka kwa mzazi mmoja huishi na afya yake, na pengine asijue maisha yake yote. Lakini wawili wenye alama wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Chembe za damu yake hupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu, upungufu wa damu, na madhara ya mifupa na viungo.

Wapenzi wa jazi wanamjua Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani. Alikuwa na ugonjwa huu, na nyonga zake zilimtesa miaka mingi. Paul Williams, mmoja wa waimbaji wa soul wa kundi la The Temptations, alikuwa nao pia. Wote wawili asili yao ni Afrika, na damu waliyoirithi ilivuka bahari pamoja na mababu zao katika majahazi ya utumwa. Abura aliimba muziki wao, na nyumbani kwake akauguza maradhi yao.

Achieng Abura alifariki tarehe 20 Oktoba 2016 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Magazeti yalitaja nyimbo na tuzo, na ni haki yake. Mimi nataka litajwe na hili.

Sisi wa Pwani tunapenda kuoza binamu kwa binamu. Si haramu, wala sisemi liachwe. Lakini alama ikiwa imo katika ukoo, wanaooana wa damu moja ni rahisi zaidi kukutana nayo pande zote mbili. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Tunauliza mahari, tunauliza nasaba, tunauliza tabia za bwana arusi mpaka kwa majirani zake, hatuoni haya. Kwa nini basi tuone haya kuuliza damu?

Na aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye maradhi asikate tamaa. Penisilini humkinga mtoto mchanga na maambukizi. Vidonge vya haidroksiurea hupunguza mashambulizi ya maumivu. Wapo hata waliopona kwa kupandikizwa uboho, ingawa tiba hiyo ni ghali mno na ina hatari zake. Dini yetu imetufunza kumsitiri mwenzetu, na imetufunza pia kutafuta dawa. Aibu ya mtu ndiyo isitiriwayo. Homa na maumivu ya mtoto hayana aibu ndani yake.

Kazi yangu ni kutunga, basi nami natoa ubeti mmoja kwa ajili yake na kwa ajili ya mama yule wa Bungoma:

Maradhi ukiyaficha, kifo kitakuumbua,
Usiku hadi kukicha, mwanao anaugua,
Kupima msije acha, kabla hamjaamua,
Mwenye neno na aseme, kimya kingi hutuua.