Ukishapimwa tumbo kwa kamera, ule nini?

Na Mwandishi Wetu, Kondoa

MKAZI wa Busi, wilayani Kondoa, anayeelekezwa kufanyiwa kipimo cha tumbo kwa kamera, yaani endoskopi, hujiandaa kwa safari kabla ya kujiandaa kwa kipimo chenyewe. Kutoka mjini Kondoa hadi Dodoma ni takribani kilomita 160. Ingawa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeipunguza mno adha ya zamani, mgonjwa bado hulazimika kulala mjini, kupimwa siku inayofuata na kurejea nyumbani kwa basi. Katika safari hiyo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshatoka hospitalini: sasa nile nini?

Swali hilo si dogo. Wapo wanaokula upesi kupita kiasi kwa sababu ya njaa, na wapo wanaokaa siku tatu kwa uji mwepesi kwa kuamini kuwa tumbo "limechanwa". Wote wawili wanakosea, ingawa wa kwanza ndiye anayejiweka hatarini zaidi.

Katika kipimo hiki, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera mdomoni, ukashuka kwenye umio, ukaingia tumboni na kufika mwanzo wa utumbo mwembamba. Chombo cha aina hii kinachopindika kilitengenezwa Marekani mwaka 1957 na Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alikijaribu kwanza kwenye koo lake mwenyewe. Hakuna kisu kinachotumika, na kwa kawaida kipimo chenyewe huchukua dakika chache tu.

Suala la chakula huanza kabla ya kipimo. Mgonjwa hutakiwa kukaa bila kula kwa muda wa saa sita hadi nane, au zaidi kadiri atakavyoelekezwa. Hapa ndipo wageni wengi wa mjini hukwama. Mtu huulizwa kama amekula, naye hujibu kwa moyo mweupe kwamba hajala, amekunywa uji tu. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula, na togwa kadhalika. Tumbo lenye uji halionekani vizuri kwenye kamera na, baya zaidi, uji huo unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kipimo huahirishwa, na nauli ya kutoka Kondoa huwa imekwenda bure. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano za insulini aulize mapema namna ya kuzitumia siku hiyo, kwani kufunga chakula huku akimeza dawa kama kawaida kunaweza kuishusha sukari kwa kiwango cha hatari.

Baada ya kipimo, jambo la kwanza ni kusubiri. Aghalabu koo hupuliziwa dawa ya ganzi ili mgonjwa asitapike mpira unapopita. Ganzi hiyo ikiwa bado ipo, koo halitambui kama kinachopita ni chakula au ni hewa, na tonge linaweza kupotea njia likaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Kwa wengi ganzi huisha baada ya nusu saa hadi saa moja. Namna ya kuhakikisha ni kunywa funda dogo la maji ya baridi: likishuka bila kupalia, na mgonjwa akilihisi linavyopita, anaweza kuendelea na maji, kisha chakula. Asianze na chai ya moto. Ulimi na koo lenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Waliochomwa sindano ya kuwatuliza au kuwapa usingizi mwepesi wana sharti jingine. Kwa saa 24 wasinywe pombe ya aina yoyote, wasiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli, na wasitie saini hati za shamba au za mkopo, hata wakijiona wako sawa. Ni vyema basi mgonjwa awe na ndugu wa kumsindikiza, ambaye pia ataangalia kinachonunuliwa stendi. Chakula cha stendi ni mtihani kwa koo lililokwaruzwa: mahindi ya kuchoma, chipsi kavu, nyama ngumu na pilipili ya kukamulia ndimu. Soda nayo huongeza gesi, ilhali tumbo lina hewa iliyopulizwa wakati wa kipimo. Kujaa tumbo na kubeua kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida. Ndizi mbivu, mkate laini na maji ya chupa vinatosha kumfikisha nyumbani.

Akifika nyumbani, jiko la Kondoa halina upungufu. Mlenda, ambao vijana wa mjini huutania, ni mboga inayolifaa koo linalowasha kuliko nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa, mradi usitiwe pilipili. Ugali wa uwele au wa mtama hauna tatizo ukiwa laini, ukimegwa kwa matonge madogo na ukiachwa upoe kidogo. Uji, viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, wali laini, mayai, papai, mchuzi wa kuku na maharage yaliyoiva hadi kulainika vyote vinafaa. Togwa iliyochachuka sana, ndimu na dagaa wakavu visubiri hadi koo litulie, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku moja au mbili.

Kwa aliyepimwa tu bila kutibiwa chochote, hiyo ndiyo habari yote. Anaweza kurudia chakula chake cha kawaida siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Aliyekatwa kinyama kidogo kwa ajili ya maabara afuate utaratibu huo huo, ila ajiepushe na vinywaji vya moto sana kwa siku nzima. Asijinunulie dukani diklofenaki au aspirini kwa ajili ya maumivu, kwa kuwa dawa hizo huchokoza tumbo na kurahisisha kuvuja damu. Anayetumia aspirini kwa maradhi ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, amuulize daktari.

Hali ni tofauti kwa aliyetibiwa wakati wa kipimo. Aliyefungwa mipira kwenye mishipa ya umio iliyovimba, tatizo linalotokana na ini lililoharibika au kichocho cha tumbo, huanza na vimiminika vilivyopoa, kisha vyakula laini kwa siku kadhaa. Mipira ile hudondoka yenyewe na kuacha kidonda, na tonge gumu linaweza kukitonesha. Aliyepanuliwa umio naye hupandishwa ngazi polepole, na anatakiwa kutafuna sana. Kwa hawa, maelekezo ya daktari yatangulie ushauri wa jirani na hata wa gazeti hili.

Kuna imani moja iliyoota mizizi, kwamba maziwa huponya vidonda vya tumbo. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi. Vingi vya vidonda hivyo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu. Bakteria huyo hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14. Mgonjwa anywe maziwa akiyapenda, lakini amalize dozi. Kwa waliofunga Ramadhani, na Kondoa ni wengi, dozi za mchana na udhaifu wa mwili ni mambo ya kujadili na daktari mapema. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazingoji kupambazuka: kutapika damu, choo cheusi kama lami kwa mtu asiyetumia vidonge vya madini ya chuma, maumivu makali ya kifua au tumbo, homa, shingo kuvimba, au kushindwa kumeza hata mate. Mwenye dalili hizo asile wala kunywa chochote. Apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu akiwa na karatasi ya majibu ya kipimo, ili mhudumu wa zamu ajue papo hapo kilichofanyika Dodoma.