Faida Ujerumani, Hasara Marekani

Kwa mwaka 1993, kampuni ya magari ya Daimler-Benz ilitangaza faida ya marki milioni 615. Kwa mwaka huohuo ikatangaza pia hasara ya marki milioni 1,839. Hakuna aliyeghushi kitabu. Faida ilikokotolewa kwa sheria za Ujerumani, hasara kwa kanuni za Marekani, kwani Oktoba mwaka huo Daimler ilikuwa kampuni ya kwanza ya Kijerumani kuingia Soko la Hisa la New York. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na akiba zilizofichwa. Miaka ya neema wahasibu walitenga fedha nyingi kwa hasara ambazo huenda zisitokee kamwe. Mwaka wa ukame wakazifungua kuziba pengo. Wamarekani walikataa kuita chakula cha ghalani mavuno ya mwaka.

Mtaalamu wa uhasibu Sidney Gray alikwisha kueleza tabia ya namna hii mwaka 1988 kwa kutumia vipimo vya utamaduni vya mtafiti Geert Hofstede: jamii inayochukia mashaka hulea wahasibu wenye tahadhari na usiri. Wapo wanaompinga, na hoja yao si nyepesi. Kampuni za Kijerumani zilitegemea zaidi mikopo ya benki kuliko wanahisa wa sokoni, na hesabu za kodi zilifungamana na hesabu za biashara. Nani atajisifia faida mbele ya mtoza kodi? Basi ni sheria na mitaji, wanasema, utamaduni hauhusiki. Lakini ingekuwa hivyo tu, kubadili sheria kungetosha. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya umezitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ziandae hesabu za makundi yao kwa viwango vya kimataifa, na bado utafiti wa Erlend Kvaal na Christopher Nobes wa 2010 ulionyesha kwamba, kila viwango vinapotoa uchaguzi, kampuni huelekea kufuata desturi ya kwao. Mtu atasema hayo ni mazoea tu. Sawa, ila mazoea ambayo mkaguzi mkongwe humrithisha kijana wake wa ofisini, hata sheria iliyoyazaa ikishafutwa, sijui tuyaite nini kama si utamaduni. Nayo yana pa kukaa: kimojawapo cha viwango hivyo vya kimataifa, IAS 37, kinaagiza deni litambuliwe iwapo kulipa kuna uwezekano zaidi kuliko kutolipa. Uwezekano wa kushindwa kesi iliyo mahakamani haupimwi kwa rula. Mhasibu wa Stuttgart na wa Nairobi, wote chini ya kiwango hicho, husoma barua ya wakili na kukadiria.