Pedeli ya kushoto ina desturi yake

Ni nadra baiskeli kumwangusha mtu bila kumwonya. Pedeli inayotaka kuchomoka huanza kwa kulia: tak, mara moja kwa kila mzunguko, na sauti huzidi mpandaji anapokabili kilima. Wengi wetu huisikia wiki nzima tukainyamazia, maadamu baiskeli bado yaenda. Kisha siku moja kijana amesimama juu ya pedeli apate nguvu, chuma kikachomoka tunduni, na mguu ukashuka mtupu.

Mtaani kwetu yuko mama mjane ambaye mwanawe husambaza maandazi kwa baiskeli kila alfajiri kabla ya kwenda shule. Pedeli ya kushoto ilipoanza kucheza, alimpeleka kijana kwa fundi. Mwenye kibanda hakuwapo. Mwanafunzi wake akashika spana, akaikaza pedeli ile kama nati yoyote hukazwa, yaani kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Kumbe alikuwa akiifungua. Ilipomtoka mkononi, akatwaa pedeli ya kulia iliyokuwa kando, akailazimisha mpaka ikaingia. Siku ya tatu tundu la kranki halikuwa tena na hesi, ile mistari iliyozunguka ndani ambayo pedeli hujishika nayo. Hesabu ya mama haikuwa pedeli tu, bali pedeli, kranki, na asubuhi kadhaa za maandazi yaliyobaki siniani. Simlaumu sana yule kijana, kwani hakuna aliyemfundisha.

Jambo lenyewe ni hili. Pedeli ya kulia ina hesi ya kawaida, lakini ya kushoto ina hesi ya kinyume: hukazwa kwa kwenda kinyume cha mwendo wa saa. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa mapambo. Shika kalamu ndani ya ngumi iliyolegea, kisha uzungushe ncha yake kwa duara. Utaona kalamu yenyewe inajiviringisha mkononi upande wa pili. Ndivyo inavyofanya ekseli ya pedeli ndani ya tundu la kranki. Uzito wa mguu daima hukandamiza kwenda chini ilhali kranki inazunguka, kwa hiyo mahali pa mkandamizo hutambaa kulizunguka tundu, na ekseli hujiviringisha kidogo kidogo upande wa kinyume. Kama pedeli zote mbili zingekuwa na hesi ya kawaida, ya kushoto ingejifungua yenyewe kadiri mtu anavyoendesha. Kwa hesi ya kinyume, mwendo ule ule huizuia isilegee.

Asiyetaka kukumbuka kulia na kushoto akumbuke neno moja: nyuma. Weka spana juu ya ekseli ya pedeli, mpini ukielekea juu. Ukiuvuta mpini kuelekea gurudumu la nyuma, pedeli hufunguka. Ukiusukuma kuelekea gurudumu la mbele, hukazika. Ni hivyo kwa pande zote mbili. Pedeli nyingi hutaka spana namba 15, tena iliyo nyembamba, kwa sababu nafasi kati ya pedeli na kranki ni finyu. Nyingine hazina pa kushika spana. Hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita unaoingizwa kwa ndani, na huo pia huzungushwa kuelekea nyuma. Pedeli iliyoganda kwa kutu ipakwe mafuta ya kulainisha na iachwe usiku kucha. Na mnyororo uwe umevaa gia wakati wa kazi, maana spana ikiteleza ngumi hukutana na meno ya gia, na hicho si kidonda cha kusahaulika.

Kurudisha kuna adabu yake. Tazama kwanza mwisho wa ekseli au karibu na pale spana inaposhika. Mara nyingi pamechongwa herufi R kwa kulia na L kwa kushoto. Futa mchanga, paka grisi, kisha anza kwa vidole, si kwa spana. Pedeli iliyokaa sawa huingia kwa vidole mizunguko kadhaa bila ubishi. Ikikataa, itoe uanze upya. Spana ije mwisho, kwa kukazia tu.

Baiskeli kubwa za chuma tulizozizoea, za aina ya Phoenix na Avon, zina jambo la pili: kranki yake hushikwa na kota, kile kipini cha chuma chenye ubavu mmoja uliochongwa bapa. Kranki ikicheza, mara nyingi ni kota iliyolika. Hapa ndipo nyundo huharibu zaidi kuliko inavyotengeneza. Legeza nati lakini usiitoe yote. Iache mwishoni mwa kota ilinde hesi. Kisha simamisha kipande cha bomba la chuma ardhini, kranki iegemee juu yake, na kota ipate nafasi ya kushukia ndani ya bomba. Bila egemeo hilo, pigo lote huishia kwenye gololi na vikombe vyake, na baiskeli iliyokuja na ugonjwa mmoja huondoka na miwili. Pigo moja zito lililonyooka hufaa kuliko vigongo ishirini.

Kota mpya huingizwa kwa nyundo, kwa egemeo lile lile. Nati huizuia tu isirudi. Wanaotegemea nati iivute kota ndani huishia kukata hesi yake. Tena kota mbili hukaa kwa kupishana: kranki ya kulia ikiwa mbele na nati yake ikitazama juu, ya kushoto wakati huo iko nyuma na nati yake itazame chini. Zikiwekwa vingine, pedeli hazitakuwa kwenye mstari mmoja, na mpandaji ataendesha kama anayechechemea. Baada ya siku moja ya safari, gonga na kaza tena.

Nyingi za baiskeli za mtumba zitokazo Japani hazina kota. Kranki yake, aghalabu ya alumini, hukaa kwenye ekseli ya pembe nne na hutolewa kwa kifaa maalumu cha kuivuta, si kwa nyundo. Ikilegea, iteremkie na uikokote. Hata safari fupi hutosha kulilegeza tundu lile, na likishalegea hakuna ukazaji utakaoliponya.

Tundu la pedeli lililokufa hesi, kama kranki ni ya chuma ya baiskeli za kawaida, dawa yake ni kubadili kranki. Ya alumini yaweza kutobolewa upya na kutiwa pete ya chuma yenye hesi, kazi ya karakana yenye vifaa. Kuchomelea pedeli kwenye kranki, jambo ambalo baadhi ya mafundi hulifanya, sikushauri.

Mwenye guta achunguze zaidi, kwani mzigo wake ni mzito. Na nyumba yenye ndugu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono isingoje sauti ya tak. Mpanda baiskeli aliyeng'okewa pedeli aweza kushuka akakokota, yeye hawezi. Kila Ijumaa asubuhi, mtoto wa nyumbani ashike kila pedeli na kila mkono wa kranki, avute na kusukuma kuelekea ubavuni. Kisichocheza kiachwe. Kinachocheza kikazwe kabla chombo hakijatoka uani.