Italia ya Mai Mahiu: Kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita

KILA msimu wa likizo simu zetu hujaa picha za Italia. Msee amesimama mbele ya kanisa kuu la Milan, njiwa wanaruka nyuma yake, miwani imekaa sawa. Wewe uko kwa stage ya Baba Dogo unangoja mathree ijaze, unagonga like na kusonga.

Tusidanganyane, makanisa hayo ni moto. Lile la Milan lilianza kujengwa mwaka wa 1386, na lango lake la mwisho likakamilika 1965. Kule Florence, kuba kubwa la Brunelleschi lilimalizika 1436, na ukitaka kufika juu unapanda ngazi 463 kwa miguu. Ukifika mlangoni na kaptura au mabega wazi, unaweza kurudishwa. Lakini kabla ya mlango kuna viza, ambayo maombi yake pekee ni euro 90. Ukinyimwa, hizo pesa huzioni tena.

Sasa sikia hii. Kuna kanisa la Waitaliano unaloweza kulifikia kwa matatu na kurudi mtaani kabla ya giza. Liko kando ya barabara ya zamani inayoshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, karibu na mwisho wa mteremko. Watu wengi wa Nairobi wamelipita wakienda Narok au Naivasha, macho yakiwa kwa Longonot au kwa lori lililo mbele. Ni dogo sana. Ndani wanakaa watu kama 12 hivi, na wakiwa na mabegi, mtabanana. Wengi huliita kanisa la wasafiri.

Lilijengwa mwaka wa 1942, na waliolijenga hawakuwa watalii. Walikuwa mateka.

Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia mwaka wa 1935, ikatumia hata gesi ya sumu dhidi ya watu. Vita Vikuu vya Pili vilipofika huku, Waingereza walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, na kwenye jeshi hilo la Waingereza walikuwemo Waafrika wa King's African Rifles, vijana wa rika letu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Addis Ababa ilichukuliwa Aprili 1941. Maelfu ya askari wa Italia wakaletwa Kenya kama wafungwa wa vita. Hata kamanda wao mkuu, Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, alifia Nairobi Machi 1942 akiwa mateka. Amezikwa Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu la Waitaliano.

Wale waliobaki walipewa kazi. Moja ilikuwa kuchonga barabara kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Katikati ya kupasua mawe, wakajenga pia mahali pa kusali.

Nilienda na beste yangu wa mtaa, fundi wa mjengo. Mimi nilibaki nje napiga picha mnara mdogo wa kengele. Yeye hakuwa na haja na simu. Alizunguka ukuta polepole, akapitisha kidole kati ya jiwe na jiwe, akainama kuangalia kona. Mwishowe akasema, "Huyu jamaa alikuwa mfungwa na bado hakulipua kazi."

Hiyo sentensi imenikaa. Sisi wa Baba Dogo tunajua kazi ya kusimamiwa. Saa kumi na mbili asubuhi vijana wamejipanga kwa geti za viwanda, wakingoja kuchaguliwa wafanye kibarua cha siku. Wengi hufanya ile ya kutosha kulipwa, na siwalaumu. Sasa mtu aliyetekwa, maelfu ya kilomita kutoka kwao, hajui kama atamwona mamake tena, anachonga jiwe hadi linakaa sawa. Ndani, ukutani karibu na madhabahu, kuna michoro ya dini. Hapo ndipo aliweka kile ambacho mlinzi hangeweza kumnyang'anya.

Hawakuwa peke yao kwa ukaidi huo. Januari 1943, Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi yao Nanyuki si kwa kurudi nyumbani bali kupanda Mlima Kenya. Vifaa vya kukwea walijitengenezea wenyewe. Wawili kati yao wakafika Lenana, wakaacha bendera yao, kisha wote wakarudi kambini wakajisalimisha. Benuzzi aliandika kitabu, na kinasomwa hadi leo.

Na hapo ndipo swali linapouma. Hadithi ya mateka Mwitaliano tunayo: jina lake, kitabu chake, kanisa lake. Yule askari Mkenya aliyemteka tunamjua nani? Na kuna wafungwa wengine. Miaka ya 1950, Waingereza waliwatumia wazuiliwa wa Mau Mau kujenga uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958. Huo ndio uwanja ambao msee wako aliondokea akienda kupiga picha Milan. Je, alipokuwa kwa foleni ya pasipoti, aliwaza kuhusu mikono iliyosawazisha ile ardhi?

Sisemi tuwachukie Waitaliano wa Mai Mahiu. Wengi walikuwa vijana waliotumwa vita vya watu wengine. Nasema ukisimama pale, kumbuka pande zote. Kanisa ni zuri, na barabara iliyo mbele yake ilijengwa wakati nyanda hizi zilikuwa mashamba ya walowezi na wenye ardhi wamegeuzwa vibarua. Mambo yote mawili ni kweli.

Kama unapanga kwenda, panda gari la Narok au Naivasha linalopitia Mai Mahiu, na umwambie makanga mapema kwamba unashuka kanisani, kwa sababu kwa ule mteremko dereva hasimami ovyo. Toka asubuhi, lakini si mapema sana, maana ukungu wa Limuru huficha kila kitu. Jikinge na baridi. Hili bado ni kanisa la Wakatoliki, hivyo vaa kwa heshima na uzime muziki, na ukikuta mtu anasali, ngoja nje. Usitembee katikati ya barabara ukitafuta engo ya picha, malori hapo hushuka na breki zikilia.

Ukimaliza, shuka hadi Mai Mahiu mjini. Jina lenyewe ni la Kikuyu, maana yake maji moto. Kula hapo, nunua kitu hapo. Mji huu ulipigwa na mafuriko ya usiku Aprili 2024 na ukapoteza watu wengi, kwa hivyo pesa ya mgeni hapa ina kazi.

Ukifika kanisani, kabla ya kutoa simu, gusa ukuta kwanza.