Mwenye Kamba Naye Huchoka

Septemba 8, 2024, jijini Paris, Elena Congost wa Hispania alibakiza hatua chache kumaliza marathoni ya wanawake wenye ulemavu wa macho katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Alikuwa wa tatu, na aliyemfuata hata hakuonekana. Yeye alikuwa na nguvu zake. Aliyeishiwa ni mwongozaji wake, Mia Carol: misuli ilimkaza, akaanza kuyumba. Congost akaiachia kamba iliyowaunganisha ili amdake asianguke, kisha akaishika tena na wote wawili wakavuka mstari. Majaji wakamwondoa kwenye matokeo, kwa kuwa kamba haitakiwi kuachiwa kabla ya mstari kuvukwa. Shaba ikaenda kwa Misato Michishita wa Japani.

Wengi waliwalaumu majaji, na adhabu hiyo kweli ilikuwa kali. Lakini tukio lenyewe lilianika jambo ambalo mtazamaji hulisahau kwa urahisi: katika jozi hii, anayeona ndiye anayeweza kuzidiwa.

Wakenya walikwisha kuliona hilo Sydney mwaka 2000. Henry Wanyoike, mzaliwa wa Kikuyu aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kiharusi, aliingia fainali ya mita 5,000 na mwongozaji ambaye malaria ilikuwa imemdhoofisha. Mpaka mzunguko wa mwisho mwongozaji alikuwa hoi. Asiyeona kabisa hawezi kumaliza peke yake na matokeo yakakubaliwa, kwa hiyo Wanyoike akageuka yeye wa kumkokota mwenye macho hadi mwisho. Dhahabu ikapatikana, ila kwa bahati.

Baadaye kamba ikashikwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni. Athens 2004 Wanyoike alitwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Aprili 2005 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:32:51, na wiki moja baadaye akakimbia ya Hamburg kwa 2:31:31. Hebu fikiria mtu wa kuongozana naye: lazima aimudu kasi hiyo na bado abaki na pumzi ya kusema.

Maana kazi kubwa ya mwongozaji ni mdomo. "Tuta, hatua tano." "Kona ya kulia, ndefu." "Maji mkono wa kushoto." Barabara yote huitamka kabla haijafika miguuni mwa mwenzake, na wakati huohuo hulinganisha hatua na mkono wake na wa mwenzake, kwa sababu mikono inayopishana huivuta kamba na kumyumbisha anayeongozwa. Kamba yenyewe ni fupi, chini ya nusu mita, na hairuhusiwi kunyumbuka. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwanariadha, wala kumtangulia kwenye mstari wa kumalizia. Wasioona kabisa hufunikwa macho wote, ili asiwepo anayefaidika na mwanga kidogo. Kwenye mbio za mita 5,000 na kuendelea mwanariadha anaweza kutumia waongozaji wawili wa kupokezana. Sheria nayo imekiri kwamba mwenye kamba huchoka.

Heshima yao ilichelewa. Kwa miaka mingi waongozaji walisimama pembeni wakipiga makofi. London 2012, Samwel Mushai Kimani wa Kenya aliposhinda mita 1,500 kwa dakika 3:58.37, rekodi ya dunia ya wasioona kwa wakati huo, mwongozaji wake James Boit naye alivishwa medali.

Huku kwa watu wa kawaida, kujitolea kulipata mfumo New York. Dick Traum, aliyemaliza marathoni ya jiji hilo kwa mguu wa bandia mwaka 1976, alianzisha mwaka 1983 klabu inayojulikana leo kama Achilles International. Kazi yake ni kuwakutanisha wakimbiaji wenye ulemavu wa aina mbalimbali na watu wa kukimbia nao. Kwa asiyeona, mwenzake ni macho. Kwa mwenye mguu wa bandia huwa zaidi ni ngao, wa kuzuia umati usimgonge kwa nyuma.

Anayetaka kujitolea ajiulize kwanza kuhusu mwendo wake, kisha ndiyo moyo wake. Awe na kasi ya akiba, si ya kulingana tu. Amuulize mwenzake anapenda aongozwe upande gani na aelezwe mambo kwa kiasi gani, kwani wapo wanaochoshwa na maneno. Wafanye mazoezi pamoja kabla ya siku ya mbio. Dakika chache za kukimbia amefungwa kitambaa machoni, huku mwingine akimwongoza, zitamfundisha mengi kuhusu matuta, mashimo na bodaboda. Na akubali kwamba siku hiyo hana muda wake binafsi wa kutafuta. Saa inayohesabiwa ni ya mwenzake.

Moshi, Nairobi na Dar es Salaam kila mwaka hujaa watu wanaomaliza nusu marathoni bila shida. Ukimaliza kilomita 10 kwa dakika 55 bila kuhema, unamfaa tayari anayetumia saa moja na robo. Ulizia klabu ya riadha au shule ya wasioona iliyo karibu nawe, na uulizie miezi kadhaa kabla ya mbio, si wiki ya kuchukua namba.